Maji Yaliyolala Bombani

Watu wa Jamhuri ya Shwari ni wakarimu kupita kiasi, na balaa lote nitakalolisimulia hapa lilitokana na ukarimu huo. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani kuna aliyekusudia ubaya. Katika Shwari hakuna anayekusudia ubaya. Ubaya hujitokea wenyewe, na serikali huunda kamati ya kuushangaa.

Mgeni akifika nyumbani kwa Mshwari, hapewi maji yaliyolala bombani. Ni aibu kubwa. Bomba hufunguliwa, maji ya kwanza yakaachwa yamwagike mpaka yawe ya baridi na yanayong'aa, ndipo kikombe kikingwe. Kwa mgeni wa kawaida maji humwagwa mpaka salamu ziishe, na salamu za Shwari si fupi. Kwa mkuu wa wilaya ni robo saa, kwa waziri nusu saa nzima, na kwa Mlezi Mkuu wa Taifa bomba hufunguliwa alfajiri hata kama atafika saa tisa alasiri. Maji yaliyolala ni ya wenye nyumba, hasa watoto, kwa kuwa wao ndio huamka na kiu.

Sasa, mabomba ya Shwari yalitandazwa zamani na Mlezi Mkuu wa Kwanza, naye alichagua mabomba ya madini ya risasi, kwa sababu ni laini na hukunjika vizuri kwenye kona. Maji yakipita humo mbio hayachukui kitu cha maana. Yakilala humo usiku kucha, risasi huyeyuka kidogo kidogo na kuchanganyika nayo, bila rangi, bila harufu, bila ladha. Mtoto akiyanywa kila siku, risasi humwingia kwenye damu na kumla akili taratibu. Jambo hili linajulikana duniani kote, na Shwari nayo ililijua, ndiyo maana ikaanzisha Mpango wa Taifa wa Kupunguza Madini ya Risasi katika Maji ya Kunywa, wenye nembo, wimbo na fulana za rangi mbili.

Mratibu wa Mpango huo alikuwa Bi. Kuruthumu Chilumba, mjane mwenye shahada ya kemia, binti mmoja wa miaka minane, na imani ya dhati kwamba fomu ikijazwa vizuri dunia hunyooka. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya mabomba ya shule elfu nne mia moja na kumi na mbili. Alipewa chupa za sampuli zenye muhuri wa Mlezi Mkuu kwenye kizibo, na hapo ndipo ukarimu ulipoingia kazini.

Katika Shwari, kitu chochote chenye muhuri wa Mlezi Mkuu ni mgeni wa serikali. Chupa ilipofika shuleni ilitandikiwa mkeka, ikavishwa shada la maua, ikaimbiwa na kwaya, ikasomewa risala yenye maombi saba. Muda wote huo bomba lilikuwa wazi, likimwaga maji ya kwanza kwa heshima yake. Ilipofika zamu ya kuijaza, maji yalikuwa safi kama ya kisima cha hadithi, na maabara ikaandika sifuri.

Sifuri ikafuata sifuri kwa miaka mitatu. Wajumbe wa nchi jirani walikuja kujifunza, wakaondoka na fulana. Bi. Kuruthumu alivishwa nishani, na kusema kweli aliipenda. Aliitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuacha kuiona. Katika wiki yake ya kwanza kazini alikuwa ameletewa rundo la karatasi za kutia sahihi, na katikati ya fomu za likizo na maombi ya pazia kulikuwa na Waraka Namba Nne. Waraka ulisema kwamba, kwa kuwa maji ya bomba yatathibitishwa kuwa salama, mwanafunzi atakayebeba maji kutoka nyumbani atahesabika kuwa anasambaza wasiwasi. Alitia sahihi bila kuusoma. Usimcheke, msomaji, hasa kama nawe umewahi kufanya kazi ofisini.

Shule ya Msingi Asante Mlezi, alikosoma binti yake Mwasiti, ilikuwa, kama shule nyingine zote, na cheo kinachoitwa kiranja wa maji, kilichotolewa kwa jina la Mlezi Mkuu. Mwanafunzi aliyeongoza mtihani wa mwisho wa mwaka alipewa funguo za kisanduku cha bomba. Kila asubuhi, kabla mwingine yeyote hajaligusa, alifungua bomba lililolala, akakinga kikombe cheupe mbele ya shule nzima iliyopanga mistari, akanywa kwa niaba ya wote, kisha akakigeuza kikombe juu chini kuonyesha kwamba hakikubaki kitu. Wenzake walipiga makofi. Wazazi wengine walilia kwa furaha.

Jambo la kushangaza, na Mwalimu Mkuu Eufrasia alilishangaa kila mwaka kwa moyo mkunjufu, ni kwamba viranja wa maji hawakudumu. Wa kwanza alianza mwaka akiwa wa kwanza darasani na kuumaliza akiwa wa thelathini. Wa pili alianza kugombana na kila mtu na kusahau njia ya chooni. Wa tatu alihamishiwa darasa la nyuma yake, na bado akawa wa mwisho. Mwalimu Eufrasia aliandika kwenye taarifa yake kwamba vyeo huwavimbisha watoto vichwa, akapendekeza iundwe kamati ya kuchunguza kiburi.

Wa nne alikuwa Mwasiti.

Siku aliyotangazwa, Bi. Kuruthumu alikwenda sokoni mwenyewe kumnunulia kikombe kipya cheupe chenye ukingo wa buluu. Mtoto yule alikuwa na mchezo wake wa kukariri jedwali la kumi na tatu kwa kurudi nyuma huku akiruka kamba. Ulipofika mwezi wa nne hakuruka kamba tena, kwa sababu tumbo lilikuwa linamuuma. Mwezi wa sita aliulizwa saba mara nane, akamtazama mama yake kwa hasira kama vile mama ndiye aliyeificha namba, kisha akaanza kulia.

Bi. Kuruthumu alikaa kwenye kochi chini ya nishani yake. Alimkumbuka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Akakumbuka chupa zake, mashada, risala zenye maombi saba, na bomba linalomwagika kwa heshima. Alielewa yote kwa pamoja.

Kesho yake alfajiri alichukua funguo za Mwasiti, akaenda shuleni na chupa iliyokuwa na siki, aliyoiosha vizuri, akakinga maji yaliyolala kabla Mwasiti hajafika, akafunga bomba na kuyapeleka maabara. Fundi wa maabara alikuwa Bwana Kisinza, mtu mwaminifu aliyekuwa ameandika sifuri kwa miaka mitatu mpaka mkono ukazoea.

"Chupa hii ilipokelewa na nani?" aliuliza.

"Na mimi."

"Kwa nyimbo?"

"Bila nyimbo."

Bwana Kisinza aliguna. Hata hivyo aliipima, akatazama mashine, akaipima tena. Alisogea karibu na kusema kwa sauti ya chini kwamba ni mara kumi na nne ya kiwango, kwamba yeye hajasema kitu, na kwamba mashine nayo haijasema, kwa sababu chupa isiyopokelewa haina namba, na maji yasiyo na namba kisheria hayapo.

Basi Bi. Kuruthumu akapanda ghorofa ya juu kwa Katibu Mkuu, Daktari Polikarpi Nzowa, aliyekuwa na udaktari wa mambo ya itifaki. Daktari alimkaribisha kiti. Akaenda kwenye sinki ndogo pembeni mwa ofisi, akafungua bomba, akaliacha limwagike, akarudi kukaa. Mazungumzo yote yalifanyika maji yakiwa yanamwagika.

Alisikiliza kwa upole, kisha akamweleza hali ilivyo. Waraka Namba Nne hauwezi kufutwa ila na kamati, na kamati haiwezi kukaa ila yakipatikana majibu yasiyo sifuri kutoka kwenye chupa iliyopokelewa. Kumvua mtoto ukiranja ni kukataa heshima iliyotoka kwa Mlezi Mkuu. Kumhamisha shule kunahitaji kibali, na mtoto wa mratibu hawezi kupewa kibali cha kukimbia maji ya mama yake. Kujiuzulu nako kunaruhusiwa kwa mratibu aliyeshindwa tu, na yeye alikuwa na nishani. Kila mlango alioutaja ulikuwa umefungwa kwa karatasi, na karatasi nyingi kati ya hizo zilikuwa na sahihi ya Bi. Kuruthumu mwenyewe.

"Daktari," alisema Bi. Kuruthumu, "kwa nini unayaacha maji yamwagike?"

"Ni heshima tu kwa mgeni."

"Mimi si mgeni. Nafanya kazi ghorofa ya chini."

Daktari Nzowa alitazama kucha zake. "Hata nikiwa peke yangu," alisema, "huwa najiheshimu."

Kwa hiyo alijua. Bi. Kuruthumu alimchukia papo hapo, na hakuwahi kumchukia mtu ofisini hata siku moja kabla ya hapo.

"Na mwanangu?" aliuliza.

"Mwanao ana cheo, Mama. Wengi wanakitamani." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuliwaza, akampa habari njema: Ijumaa ijayo Mlezi Mkuu mwenyewe atafika Asante Mlezi kutangaza kwamba Shwari imemaliza kabisa madini ya risasi, na Mpango utafungwa kwa mafanikio. Baada ya hapo hakuna chupa itakayokwenda shule yoyote, kwa sababu kutakuwa hakuna cha kutafuta.

Nyumbani Bi. Kuruthumu alimwambia Mwasiti ajifanye anakunywa. Mtoto alimkumbusha kwamba kikombe hugeuzwa juu chini. Alimwambia amwage kidogo kidogo kwenye mkono wa shati. Mwasiti alijaribu Jumatatu, akaonekana, akachapwa viboko viwili mbele ya mistari, na Jumanne akanywa vikombe viwili kufidia. Bi. Kuruthumu aliposikia hayo alijifungia chooni, akalia huku bomba likiwa wazi ili mtoto asimsikie.

Jumatano aliacha kulia. Kama nchi imemfunga kwa karatasi, alijiambia, basi ataandika karatasi.

Aliandika pendekezo fupi kwenda Ikulu, kwa lugha ya unyenyekevu uliotukuka. Alisema Mpango unaona uchungu kwamba kila aendapo Mlezi Mkuu hufunguliwa bomba tangu alfajiri, kana kwamba yeye ni mgeni. Je, Mlezi Mkuu ni mgeni katika nchi yake? Si yeye mwenye nyumba zote? Mpango unaomba kwa magoti kwamba siku ya Ijumaa maji yasimwagwe hata tone, bomba lifungwe kwa utepe wa lakiri, ile nta ya muhuri, tangu Alhamisi jioni, na Mlezi Mkuu alifungue mwenyewe na kunywa kikombe cha kwanza kama mwenye nyumba.

Mlezi Mkuu aliposomewa barua hiyo inasemekana alitokwa na machozi. Aliuliza ni nani amekuwa akimwita mgeni miaka yote hii. Watumishi watatu wa itifaki walihamishiwa mpakani siku hiyo hiyo, na Alhamisi jioni bomba la Asante Mlezi likafungwa kwa lakiri nyekundu. Daktari Nzowa alipoiona ratiba alipauka. Angesema nini? Akisema maji yamwagwe, amemwita Mlezi Mkuu mgeni. Akisema maji yaliyolala yana madhara, itabidi aeleze amejua tangu lini. Alikunywa dawa ya kichwa na kwenda kunyoosha suti.

Ijumaa uwanja ulijaa. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na chupa ya sampuli, ya mwisho ya Mpango. Ilikuwa imekwisha kuvishwa shada, kuimbiwa na kusomewa risala. Kilichobaki ilikuwa kujazwa baada ya Mlezi Mkuu kunywa, kwa kumbukumbu ya jumba la makumbusho. Mlezi Mkuu, mzee mnene mwenye uso wa mtoto aliyeshiba, alihutubia kwa saa mbili na nusu kuhusu historia ya kiu. Hatimaye akasimama mbele ya bomba na kukata lakiri kwa mkasi wa dhahabu. Bi. Kuruthumu alishika ukingo wa meza. Kikombe kimoja tu, aliomba moyoni, anywe kikombe kimoja kisha nitasema, na watapima, maana safari hii damu ni ya kwake.

Daktari Nzowa alikuwa na udaktari wa itifaki, na siku hiyo tuliona kwamba hakuusomea bure. Alinyakua kipaza sauti na kutangaza, kwa sauti ya kutetemeka ambayo wengi waliidhania ni ya uzalendo, kwamba Mlezi Mkuu ni baba, na baba mwenye nyumba huwanywesha watoto kwanza. Mlezi Mkuu aliyapenda sana maneno hayo, akarudi nyuma hatua moja. Makofi yalidumu dakika nne.

"Aje kiranja wa maji," alisema Daktari Nzowa, akiwa hamtazami Bi. Kuruthumu. "Aje mtoto wa mratibu wetu."

Mwasiti akatoka kwenye mstari na kikombe chake cheupe chenye ukingo wa buluu. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Alitembea kwa kujikaza, akitazama chini asikosee hatua, kwa maana siku hizo alikuwa anakosea hatua. Bi. Kuruthumu alikuwa ameuchimba mtego huo kwa mikono yake, na sasa mwanawe ndiye aliyekuwa anauendea, huku nchi nzima ikiimba.

Mtoto alifungua bomba. Kikombe kikajaa. Akakiinua.

Bi. Kuruthumu hakumbuki kuamua. Anakumbuka kwamba alifunga bomba kwa mkono wake, akamwondolea mtoto kikombe mdomoni, akafungua ile chupa iliyopokelewa, akamimina maji yote ndani yake, akaifunga. Kisha akakigeuza kikombe juu chini, kama ilivyo desturi. Akachukua lebo yenye namba, akapiga magoti mbele ya Mlezi Mkuu na kumpa kalamu.

"Sampuli imekamilika, Mheshimiwa. Tunaomba sahihi yako."

Mlezi Mkuu hakuwahi maishani kupewa kalamu akaikataa. Akatia sahihi.

Na hivyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya Shwari, maji yaliyolala yalipata namba. Bwana Kisinza aliyapima mbele ya mashahidi kumi na wawili, kwa kuwa sheria ilimlazimisha, na kuandika alichokiona. Ilikuwa mara kumi na tisa ya kiwango. Serikali ilinyamaza siku tatu. Siku ya nne ikaunda tume, na tume ikafanya kazi usiku na mchana ikaja na ukweli: risasi ilitoka mikononi mwa mratibu, ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akishughulika na risasi kila siku, hata ikamwingia kwenye ngozi.

Hukumu yake haikuwa kali. Shwari si nchi katili. Alinyang'anywa nishani na kuamriwa asitoke nyumbani kwake maisha yake yote, wala asiguse bomba. Mlangoni aliwekwa Sajini Mbaruku, mtu mnyamavu, mwenye daftari la kuandikia mienendo yake. Na kwa usalama wa wananchi ilitolewa Amri ya Taifa kwamba bomba lolote litakalothibitishwa kuguswa na mratibu wa zamani ling'olewe, pamoja na mabomba yote ya chini ya ardhi yaliyoungana nalo, yawekwe mapya ya plastiki ndani ya siku saba. Mabomba ya Asante Mlezi, na ya nyumbani kwa Bi. Kuruthumu, yaling'olewa wiki ile ile. Mwasiti akaanza kunywa maji yasiyo na kitu, na ukiranja wa maji ukafutwa kwa huzuni kubwa.

Bi. Kuruthumu akawa anafunguliwa bomba la jikoni na Sajini. Siku ya kwanza Sajini aliuliza kama katika nyumba yake mwenyewe ahesabiwe mgeni au mwenyeji. Bi. Kuruthumu akajibu kwamba hata yeye hajui. Alizunguka vyumba vitatu, akapanga makabati, akayapanga tena. Dirishani aliona paa la shule nyingine, Shule ya Msingi Hongera, ambako bila shaka kulikuwa na kiranja na kikombe. Alihesabu: elfu nne mia moja na kumi na moja zilizobaki. Hakuweza kufanya lolote, na hilo lilimuuma kuliko kufungwa kwenyewe.

Ilikuwa wiki ya tatu, asubuhi, aliposikia mtu anabishana na Sajini kwa upole mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye vumbi la safari miguuni, amebeba kitu kizito ndani ya khanga. Alipoifungua, ilikuwa ni koki kuukuu ya shaba, imeng'olewa pamoja na kipande cha bomba la risasi.

"Mama Mwasiti, shikamoo. Nimetoka Hongera," alisema, na sauti ikamkatika. "Wangu ndiye kiranja. Sitaki neno. Iguse tu."

Bi. Kuruthumu alimtazama Sajini Mbaruku. Amri ilitaka ithibitishwe. Sajini alitazama barabarani, juu na chini, kisha akafungua daftari lake, akalamba ncha ya penseli.

"Naandika kuwa nimeona," alisema. "Lakini kesho nami nitaleta ya shule ya kwetu."

Ndani, Mwasiti alikuwa mezani anahesabu saba mara nane kwa vidole. Alifika hamsini na mbili, akapotea, akaanza tena mwanzo bila kulia. Mama yake alimsikiliza mpaka alipopotea mara ya pili. Kisha akanyoosha mkono kuvuka kizingiti, akaishika ile koki kwa vidole vyote vitano, akaishikilia mpaka Sajini alipomaliza kuandika.